Kawia Ufike, Usije Mikono Mitupu

Mwisho wa mwezi mfanyakazi anapopokea hati yake ya mshahara, aghalabu jicho lake hukimbilia mstari wa chini kabisa, ule unaotaja kiasi atakachokwenda nacho nyumbani. Mistari ya katikati, yenye kodi ya mshahara na mchango wa akiba, huipita haraka kwa uchungu kidogo, kama mtu anayetazama maji yaliyomwagika ambayo hayazoleki tena. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya mistari hiyo ya katikati. Twataka kuonyesha kwamba si yote yaliyomwagika. Sehemu yake ni mali ya mfanyakazi hata leo, na ikiwa yeye hayupo, ni mali ya mjane na yatima wake.

Yapasa kwanza tutenganishe makato hayo mawili. Kodi iliyokatwa kwa kiwango cha haki ni mchango wetu kwa taifa, wala hakuna wa kuidai. Lakini kodi iliyokatwa kupita kiwango, kwa kosa la hesabu au la karani, haikuwa halali kukatwa, na sheria humruhusu aliyekatwa kuomba arudishiwe. Ama mchango wa akiba, huo haukuwa mali ya mtu mwingine hata siku moja. Umewekwa kwa jina la mfanyakazi ili umfae uzeeni, au uwafae watoto wake akifariki. Makato hayo mawili yana tabia moja inayofanana: fedha zake hazimtafuti mwenyewe. Mwenyewe ndiye huzitafuta, tena huzitafuta kwa karatasi.

Sisi watu wa Tanga hatukupaswa kufundishwa jambo hilo, maana nchi yetu ya pwani imelijua kwa zaidi ya miaka mia moja. Mkonge ulianza kupandwa mwaka 1893, na katika enzi za ukoloni kazi ya shamba ilipimwa kwa kadi iliyoitwa kipande. Kadi hiyo ilikuwa na nafasi za siku 30. Mkata mkonge alipomaliza kazi ya siku aliandikiwa alama, na mshahara ulikuja kadi ilipojaa. Siku ambayo haikuandikwa ilihesabiwa kuwa haikufanyiwa kazi, hata kama mgongo wa mfanyakazi ulikuwa ukiuma kwa kazi hiyohiyo. Nao walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa kuwa msimamizi aliwajua kwa namba zao kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Wazee wetu wa Ngomeni, Hale na Korogwe walikitunza kipande kama mboni ya jicho. Walijua kwamba kazi bila kipande ni jasho la bure.

Ukoloni ulikwisha na kipande kikatoweka, lakini kanuni yake haikutoweka. Leo kipande ni hati ya mshahara, kadi ya uanachama wa mfuko, barua ya kuajiriwa na barua ya kuachishwa kazi. Tofauti ni kwamba wazee walikitunza, ilhali sisi aghalabu twaifungia karanga.

Tuanze na mstari wa kodi. Katika Tanzania mfanyakazi ambaye hana pato lingine ila mshahara wa mwajiri mmoja hajazi ritani ya kodi kila mwaka. Mwajiri ndiye anayekata na kuipeleka kodi hiyo kwa Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Utaratibu huo humpunguzia mfanyakazi usumbufu, lakini una hatari yake: kwa kuwa hajazi kitu, hahesabu kitu. Akikatwa pungufu hajui, na akikatwa zaidi hajui.

Chukua mfano wa mfanyakazi wa kiwandani ambaye mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 kiwango ni asilimia 8. Na kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20. Lakini kabla ya kukata kodi, yapasa kwanza mchango wake wa hifadhi ya jamii uondolewe. Ikiwa mchango huo ni asilimia 10, yaani shilingi 60,000, mshahara wa kutozwa kodi hubaki 540,000, na kodi yake ni shilingi 24,000. Sasa karani akisahau kuondoa mchango, akahesabu juu ya 600,000 nzima, kodi hufika shilingi 36,000. Kosa hilo ni la shilingi 12,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 144,000. Ndani ya fedha hizo mna sare za shule na daftari za watoto, na mfanyakazi huyo hajui kwamba amezikosa.

Mtu wa namna hiyo afanye nini? Achukue hati zake za mshahara, aende kwanza kwa karani wa mishahara, aombe kwa adabu aonyeshwe hesabu. Ikiwa kosa limeonekana mapema, mwajiri anaweza kulisahihisha. Ikiwa ni la miaka iliyopita, maombi ya marejesho hupelekwa TRA kwa maandishi, pamoja na ushahidi wa mshahara na wa makato. Asiogope kuonekana mdai. Anayedai kilicho chake hamwibii mtu.

Ndugu zetu walio ng'ambo ya Horohoro wana utaratibu mwingine. Kenya kila mwenye namba ya mlipa kodi, hata kama ni mfanyakazi wa mshahara tu, hutakiwa kupeleka ritani yake ya mwaka uliopita kabla ya Juni 30 kumalizika. Anayechelewa hutozwa faini, ambayo kwa mtu binafsi haipungui shilingi 2,000 za Kenya. Kwa hiyo wengi wenye jamaa Mombasa au Kwale huwasikia wakihangaika kila ifikapo mwezi huo. Hata hivyo ritani hiyohiyo inayowasumbua ndiyo inayomfunulia mtu kwamba amekatwa zaidi, na ndiyo mlango wa kuombea marejesho.

Marekani nako kuna funzo kubwa zaidi. Huko mfanyakazi hukatwa kodi mwaka mzima, kisha hupeleka ritani, na mara nyingi hurudishiwa ziada. Asiyepeleka ritani hapati kitu. Lakini hupewa miaka 3 ya kuchelewa. Akiileta ritani ndani ya miaka hiyo, hulipwa ziada yake. Miaka 3 ikipita, fedha hubaki katika hazina ya serikali na mlango hufungwa. Mwaka 2024 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilitangaza kwamba watu karibu 940,000 walikuwa hawajadai marejesho ya mwaka 2020, na kwamba fedha zao kwa jumla zilizidi dola bilioni 1. Walipewa hadi Mei 17 mwaka huo. Ndugu msomaji, hiyo ni nchi yenye posta kila mtaa na kompyuta karibu kila nyumba, na bado watu wapatao laki tisa waliacha mali yao. Basi kusahau si ugonjwa wa maskini peke yake, wala si wa wasiosoma peke yao. Uingereza mlango wa namna hiyo hukaa wazi kwa miaka 4.

Wahenga walisema kawia ufike. Walisema vilevile chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hizo mbili hazigombani, bali kila moja ina mahali pake. Kuna haki ambazo humsubiri mwenyewe hata akija na mvi, na kuna haki ambazo hupewa muda kisha hufungiwa. Mwenye busara hangoji kujua ni ipi kati ya hizo ndipo aende. Huenda mapema, na akikuta amechelewa, huenda vivyo hivyo, maana mlango usiogongwa haujulikani kama umefungwa.

Sasa tuje kwenye mstari wa pili, ule wa akiba, ambao kwa familia nyingi za mkoa wetu ndio mkubwa zaidi. Mwaka 1964 serikali ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi, ambao wazee wengi bado wauita NPF. Mfanyakazi alikatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri akaongeza asilimia 5. Kwa sheria ya mwaka 1997 mfuko huo uligeuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, na wanachama pamoja na michango yao wakahamia huko. Leo mchango kwa jumla ni asilimia 20, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Inayobaki ni ya mwajiri.

Kumbuka hali ya Tanga katika miaka hiyo. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna kiasi cha tani 230,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka katika mkoa wetu. Mjini palikuwa na viwanda vya chuma, vya sabuni na vya mbao. Kiwanda cha mbolea kilianza kazi mwaka 1972. Vijana wa Pangani, Muheza na Lushoto walimiminika Ngamiani na Makorora kutafuta ajira. Kisha bei ya mkonge ikaanguka duniani, mashamba yakaota magugu, na viwanda kadhaa, cha mbolea kikiwamo, vikafungwa. Wafanyakazi wakatawanyika. Mwingine alirudi kwao kuvua, mwingine akaenda Dar es Salaam, mwingine akashika jembe Handeni.

Jambo tunalotaka lieleweke ni hili: kiwanda kilipofungwa, michango haikufungwa pamoja nacho. Aliyefanya kazi miaka minne akakatwa akiba miaka minne, akiba hiyo iliandikwa kwa jina lake. Kwa sheria ya NSSF, pensheni ya uzee ya kila mwezi hutolewa kwa aliyechangia miezi 180, yaani miaka 15. Aliyepungukiwa na miezi hiyo hapati pensheni ya kila mwezi, lakini akifikia umri wa kustaafu hulipwa mkupuo. Hakuna mahali sheria iliposema kwamba aliyechangia kidogo amewatolea wengine sadaka.

Tena angalia hesabu ya miezi hiyo 180. Mfanyakazi anafika miaka 60 na taarifa yake inaonyesha miezi 170. Karani anamwambia kwamba amepungukiwa na miezi 10, basi atapewa mkupuo. Lakini mzee huyo alipokuwa kijana alifanya kazi mwaka mmoja katika shamba la mkonge, akakatwa akiba, akapewa namba nyingine ya uanachama, kisha akaisahau. Miezi ile 12 ikiongezwa kwenye 170, anapata 182, naye anavuka daraja. Mwaka mmoja wa ujana uliosahauliwa ndio unaotenganisha mkupuo wa siku moja na pensheni ya maisha. Kwa hiyo usidharau ajira fupi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti haba zote ziwe katika kibaba kimoja.

Wako watakaouliza kama kweli madai ya zamani yana maana yoyote. Tuwajibu kwa jambo lililowapata watu wa reli na bandari, ambao Tanga ni nyumbani kwao tangu Wajerumani walipojenga reli ya Usambara.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, fundi wa garimoshi wa Tanga, karani wa bandari na mpokea simu wa posta walikuwa waajiriwa wa mashirika ya nchi tatu. Makao makuu ya Shirika la Reli yalikuwa Nairobi, ya Bandari yalikuwa Dar es Salaam, na ya Posta na Simu yalikuwa Kampala. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na mwaka huohuo jumuiya ikavunjika. Mfanyakazi wa reli aliyekuwa Tanga akabaki upande huu wa Horohoro, ilhali shirika lililomwajiri lilikuwa na makao yake upande wa pili. Mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mei 1984, baada ya upatanishi wa Mswisi Victor Umbricht, nchi tatu zilitia sahihi mkataba wa kugawana mali na madeni, na kila nchi ikachukua wajibu wa kuwalipa raia wake pensheni na haki zao.

Mkataba ulikuwa mmoja, malipo yakawa jambo jingine. Miaka ikapita. Mwaka 2003 wazee hao wa Tanzania walikwenda Mahakama Kuu, na Septemba 2005 wakafikia makubaliano na serikali ya kulipwa shilingi bilioni 117. Tangu jumuiya kuvunjika ilikuwa imepita miaka 28. Hata baada ya hapo mabishano juu ya kiasi yaliendelea mahakamani, na wengi waliokuwa vijana wenye nguvu mwaka 1977 walikuwa wamekwisha kuzikwa. Haki ya marehemu hao haikuzikwa nao, lakini ilikuwa lazima warithi waithibitishe. Hapo ndipo karatasi ikawa na thamani kuliko shamba. Nyumba iliyokuwa na barua ya ajira na namba ya mfanyakazi ilikuwa na la kusema. Nyumba iliyovihamisha vitu vyake mara tatu na kuacha sanduku la baba kwa jirani, ikabaki na kumbukumbu tu kwamba baba alikuwa mtu wa reli. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lenyewe hupotea kwa mvua na mchwa.

Kwa sababu hiyo jambo hili si la kazini peke yake, bali ni la nyumbani, nasi tumelileta katika ukurasa huu wa familia. Mara nyingi mume ndiye anayeijua namba yake ya uanachama, naye hamwambii mkewe. Wengine huona kwamba kumwonyesha mke hati ya mshahara ni kujivua nguo. Kisha mauti yanakuja bila hodi. Matanga yanaanuliwa, jamaa wanatawanyika, na mjane anabaki na watoto bila kujua kama marehemu aliacha senti tano mahali popote. Mwaka wa kwanza hutafuta riziki, mwaka wa pili hutafuta ada, na wazo la kwenda NSSF halimjii kwa sababu hakuambiwa kwamba kuna kitu huko. Huyo hakuzembea. Alifichwa.

Basi tutaje njia, hatua kwa hatua, kwa mjane au mtoto aliye katika hali hiyo, hata kama imepita miaka kumi.

Kwanza, apate cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kupitia ofisi ya wilaya. Kama kifo hakikuandikishwa wakati wake, kinaweza kuandikishwa kwa kuchelewa, kwa ushahidi wa hospitali au wa serikali ya mtaa. Pamoja na hicho aweke cheti chake cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Pili, ukoo ukutane, umchague msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao uandikwe na kutiwa sahihi. Kwa familia nyingi za pwani, ambazo mirathi yao hufuata dini ya Kiislamu au mila, mlango wa kwanza ni mahakama ya mwanzo. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha humthibitisha msimamizi. Msimamizi akumbuke kwamba hakupewa mali. Amepewa dhamana, na atatoa hesabu mbele ya mahakama. Ikiwa marehemu alikuwa na wake wawili, wote wawili watajwe mapema. Mke anayefichwa kikaoni huonekana mahakamani, na hapo kila kitu husimama.

Tatu, majina yalinganishwe. Hili ndilo jabali linalozamisha vyombo vingi. Shambani marehemu aliandikwa kwa jina lake na la babu. Kiwandani aliandikwa kwa jina lake na la baba. Kitambulisho cha taifa kina majina matatu. Na karani mmoja aliandika Hamisi, mwingine Khamis. Kwa mfuko hao ni watu wanne. Dawa yake ni hati ya kiapo mbele ya hakimu au kamishna wa viapo, inayosema kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, pamoja na ushahidi wa kila jina. Aliye hai asingoje warithi wamfanyie kazi hiyo. Aifanye mwenyewe leo.

Nne, aende ofisi ya NSSF ya mkoa, aombe taarifa ya michango. Akikuta miezi mitupu ilhali hati za mshahara zinaonyesha makato, asikate tamaa. Fedha zilizokatwa zisipelekwe ni deni la mwajiri, na mfuko una mamlaka ya kisheria ya kumdai. Lakini mfuko utauliza ushahidi, na ushahidi ni ile hati iliyofungiwa karanga.

Jambo la tano ni onyo. Penye fedha zilizosahauliwa hapakosekani vishoka. Huvaa vizuri, huongea kwa upole, hudai kwamba wana mtu ndani ya ofisi, na huomba theluthi ya malipo au ada ya kufungua faili. Kuomba mafao yako mwenyewe hakuhitaji mtu wa katikati. Usimpe mtu usiyemjua kadi yako, wala namba ya siri ya simu yako, wala usitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hukusomewa. Asiyejua kusoma aende na mtoto wake anayesoma, au na mjumbe wa mtaa anayemwamini.

Pamoja na hayo yote, haitakuwa haki kumtwika mfanyakazi mzigo wote. Mkata mkonge anayeamka alfajiri kwenda shambani hawezi kuwa karani, mwanasheria na mhasibu kwa wakati mmoja. Mwajiri anao wajibu wa kutoa hati ya mshahara inayosomeka na kupeleka michango kwa wakati. Mifuko inao wajibu wa kuwafuata wanachama walikotawanyika, hata vijijini, badala ya kuwangoja mjini. Navyo vyama vya wafanyakazi, kama TPAWU mashambani, DOWUTA bandarini, TRAWU relini na TUICO viwandani, vina kazi nzuri hapa isiyohitaji mgomo wala makelele: kukaa na wanachama mara moja kwa mwaka na kusoma taarifa ya michango ya kila mmoja, jina kwa jina. Kosa la mwaka mmoja hurekebishwa kwa barua moja. Kosa la miaka ishirini huhitaji wakili.

Kenya wamejaribu njia ambayo ingefaa kuangaliwa. Kwa sheria ya mwaka 2011 waliunda mamlaka ya kushika mali za fedha zisizodaiwa, zikiwamo akiba za benki, hisa na malipo ya bima ambayo wenyewe hawakuonekana. Benki na makampuni hayaruhusiwi kuzikalia daima. Huzikabidhi kwa mamlaka hiyo, na mwenye mali au mrithi wake anaweza kuzidai hata akichelewa. Fikra iliyo ndani yake ni njema: kwamba ukimya wa mwenye mali si ruhusa ya kuila.

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Baada ya chakula cha mchana, badala ya kulala, tandikeni mkeka mkae wote pamoja, baba, mama na watoto wakubwa. Litolewe sanduku, au mkoba, au kopo la maziwa lenye karatasi. Chukueni daftari moja la shule. Ukurasa wa kwanza andikeni kila mahali baba alipofanya kazi, mwaka aliouanza na mwaka alioacha, na namba aliyopewa. Ukurasa wa pili andikeni ya mama, maana naye aliwahi kuajiriwa kabla ya kupata watoto, na michango yake ya miaka miwili ni halali yake kama ya mwingine yeyote. Ukurasa wa tatu andikeni ya babu na bibi, kama wapo wa kukumbuka. Karatasi zote zitiwe katika mfuko wa nailoni, mbali na mchwa, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba hiyo anapajua.

Kesho Jumatatu ofisi zitafunguliwa. Mwenye kuona katika daftari hilo mwaka mmoja ambao hajui michango yake ilikwenda wapi, na aende akaulize.